Furu wa Ziwa Viktoria na Majina Yao: Uhakiki wa Maandishi ya Wataalamu

Mwaka wa 1998 neno la Kiswahili liliingia katika Kilatini cha wataalamu wa viumbe. Ole Seehausen na wenzake, wakieleza samaki wakaao penye miamba katika Ziwa Viktoria, walitangaza jenasi tatu mpya, na mojawapo waliiita Pundamilia. Ya pili waliiita Mbipia, kutokana na mbipi, jina ambalo wavuvi wa pande za Mwanza huwapa furu wa mawe. Ya tatu, Lithochromis, iliundwa kwa Kigiriki. Hivyo katika orodha moja Kiswahili, maneno ya wavuvi na Kigiriki yaliketi jamvi moja.

Apendaye Kiswahili huona fahari akisoma habari hiyo, na fahari hiyo si kosa. Lakini haitoshi. Neno lililochukuliwa kufanywa jina la Kilatini limetoka katika lugha yake. Halikuiongezea lugha hiyo kitu. Swali lililo zito zaidi ni hili: je, habari yenyewe ya furu, yaani jinsi walivyopata kuwa wengi, jinsi wanavyotengana na kuchanganyika, na jinsi walivyoangamia, yaweza kuelezwa kwa Kiswahili pasipo kupoteza maana, na pasipo kubeba hukumu zilizofichwa ndani ya istilahi za kigeni? Ili kulijibu yapasa kuyapima maandishi makuu juu ya samaki hawa kwa kipimo ambacho wataalamu wa viumbe hawakukitumia mara nyingi, nacho ni kipimo cha lugha.

Furu na walioandika habari zao

Furu ni samaki wadogo wa ukoo mmoja na sato. Wengi wao hawazidi shubiri moja kwa urefu. Jike huyaatamia mayai kinywani mwake, na vitoto vikiisha kuanguliwa hukimbilia humo humo wakati wa hatari. Dume hupambwa kwa rangi kali, hali majike ya spishi mbalimbali hufanana sana. Baadhi yao hukwangua miani juu ya mawe, baadhi hupasua konokono, wengine hula wadudu, wengine hula samaki wenzao, na wako hata wanaoishi kwa kunyang'anya mayai na vitoto kutoka vinywani mwa majike. Wataalamu hukisia kwamba spishi zao zilizidi 500, na nyingi kati ya hizo hazipatikani popote pengine ulimwenguni.

Wa kwanza kuliandika jina la Haplochromis alikuwa Franz Hilgendorf, huko Berlin, mwaka wa 1888. Samaki aliowachunguza walikuwa wameletwa na Dr. G. A. Fischer, ambaye alikuwa amekwisha kufariki, na Hilgendorf alilitaja ziwa kwa jina la Ukerewe pia. Samaki mmoja alimwita obliquidens, maana yake mwenye meno ya mshazari. Mwaka wa 1922 C. Tate Regan alitoa maelezo mapana zaidi. Kisha akaja Humphry Greenwood, aliyefanya kazi Jinja katika shirika la uchunguzi wa samaki la Afrika ya Mashariki, akatoa mfululizo wa makala tangu 1956 hata 1969, spishi moja baada ya nyingine, meno kwa meno na taya kwa taya.

Kazi ya Greenwood yastahili heshima kubwa. Ndiye aliyeonyesha kwa utaratibu kwamba umbo la kinywa lafuatana na chakula, na kwamba tofauti zilizo kubwa machoni zaweza kuwa zimetokana na mabadiliko madogo ya mfupa. Hata hivyo kazi hiyo ina upungufu uliotokana na njia yake. Samaki aliyewekwa katika spiriti hupoteza rangi, na rangi ndiyo ambayo jike la furu huitazama anapochagua dume. Kumpanga furu kwa fuvu na meno peke yake ni sawa na kuandika sarufi ya lugha kwa kutazama hati za kale tu, bila kuwasikia wenyeji wakisema. Sarufi hiyo itakuwa na mengi ya kweli, lakini lafudhi, ambayo ndiyo humtambulisha mtu na mwenziwe, haitakuwamo.

Tena yafaa kukumbuka kwamba jina la jenasi ni rai ya mtaalamu. Katika miaka ya 1979 na 1980 Greenwood aliigawa Haplochromis katika jenasi nyingi; baadhi ya wenzake walimfuata, wengine wakabaki na jina la zamani. Kwa sababu hii samaki mmoja na yule yule ameitwa Haplochromis katika kitabu kimoja na Pundamilia katika kingine, na wote wawili walioandika hawakukosa. Mwanafunzi wa lugha hatashangaa, kwani anajua jinsi usemi mmoja ulivyoitwa lugha na mtaalamu mmoja na lahaja na mwingine.

Hukumu ndani ya neno

Mwaka wa 1960 Geoffrey Fryer aliandika katika jarida la kilimo la Afrika ya Mashariki kupinga shauri la kumtia sangara katika Ziwa Viktoria. Mwaka uliofuata A. M. Anderson akamjibu katika jarida lile lile akiliunga mkono shauri hilo. Hoja ya waliotaka sangara aletwe ilikuwa nyepesi kueleweka: ziwa limejaa samaki wadogo wenye miba mingi na bei ndogo, basi na aletwe samaki mkubwa awale, na nyama yao igeuke kuwa nyama ya samaki mnono atakayeuzwa vizuri. Katika mazungumzo ya Kiingereza juu ya uvuvi wa ziwa hilo, furu walipewa jina ambalo kwa Kiswahili ni samaki takataka.

Neno hili lapasa kutazamwa kwa makini, maana si sifa ya samaki bali ni hukumu. Takataka ni kitu ambacho mwenyewe amekwisha kukata shauri kukitupa. Kiumbe akiisha kuitwa hivyo, hakuna haja tena ya kuuliza wako wangapi, wanakula nini, wala nani anawategemea. Hali wako waliowategemea. Pande za Mwanza furu walikaushwa na kuliwa katika nyumba ambazo hazikuwa na uwezo wa kununua sato. Wajaluo huwaita fulu. Huko Buganda huitwa nkejje, na wakikaushwa hupewa watoto wanaougua surua. Hapana hata lugha moja kati ya hizo iliyowaita takataka.

Yaliyofuata yanajulikana. Sangara alikuwa ametiwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Kwa muda wa miaka ishirini hivi alionekana kwa uchache. Halafu, katika miaka ya 1980, aliongezeka ghafula, na katika Ghuba ya Mwanza furu wakatoweka mbele ya macho ya wachunguzi. Kikundi kilichotoka Leiden, Uholanzi, kilikuwa kimeanza kazi Mwanza mwaka wa 1977, kwa hiyo kilikuwa na hesabu ya mavuno ya nyavu kabla ya msiba na baada yake. Mwaka wa 1992 Frans Witte na wenzake walitoa makadirio kwamba kati ya spishi zaidi ya 300 zilizokuwa zikijulikana, kiasi cha 200 zilikuwa zimetoweka au zi katika hatari ya kutoweka.

Mhakiki mwenye insafu hatamtwika sangara lawama yote. Katika miaka ya 1970 mashua za kukokota nyavu zilivua furu kwa wingi kwa ajili ya kiwanda cha kuwasaga huko Mwanza. Baadaye maji yalichafuka kwa miani iliyostawishwa na rutuba iliyoshuka kutoka nchi kavu. Wala haifai kusahau kwamba sangara alileta mali: viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, na maelfu ya watu walipata riziki. Tena tangu miaka ya 1990, sangara walipopunguzwa na uvuvi, baadhi ya furu wameonekana tena kwa wingi. Yote haya ni kweli. Lakini hayaondoi jambo moja: shauri la kuwatoa kafara samaki hao lilirahisishwa na neno. Atafsiriye maandishi ya zama zile kwa Kiswahili, naye akaandika "samaki takataka" bila alama wala maelezo, atakuwa ameirudia hukumu ile kwa kinywa cha watu ambao hawakuitoa.

Kitabu cha Goldschmidt

Maandishi yaliyoieneza habari ya furu kwa wasomaji wasio wataalamu ni kitabu cha Tijs Goldschmidt, mmoja wa wachunguzi wa Leiden waliokaa Mwanza katika miaka ya 1980. Kilitoka kwa Kiholanzi mwaka wa 1994 kwa jina la Darwins hofvijver, na kwa Kiingereza mwaka wa 1996 kwa jina la Darwin's Dreampond. Sifa yake kubwa ni kwamba chaeleza mageuzi kwa kumwonyesha samaki mwenyewe, kinywa chake, rangi yake na mahali pake, badala ya kuanza na kanuni. Msomaji huongozwa kutoka mashuani hata maabara, na hoja nzito humfikia akiwa bado anafuata hadithi. Vitabu vya sayansi vyenye ustadi huo ni vichache katika lugha yoyote, na atakayetaka kuandika habari za viumbe kwa Kiswahili angefaidika kwa kukitazama.

Upungufu wake waanzia katika jina. Neno hofvijver ni bwawa la uani pa jumba la mfalme, na huko The Hague liko bwawa lenye jina hilo hilo kando ya majumba ya serikali. Mholanzi alisomapo huona mara moja picha ya maji yaliyotunzwa kwa ajili ya bwana mmoja, na kejeli iliyomo. Mfasiri wa Kiingereza, akiwa hana neno la namna hiyo, aliliacha bwawa la mfalme akashika bwawa la ndoto. Kejeli ikapotea, mahali pake pakaingia utamu. Hili si kosa la mfasiri peke yake, ni shida ya kila tafsiri; lakini kuna jambo moja ambalo halikubadilika katika lugha zote mbili, nalo ni jina la mwenye bwawa. Mwaka wa 2004 filamu ya Hubert Sauper juu ya biashara ya sangara Mwanza ililitumia tena jina la Darwin, safari hii pamoja na jinamizi. Filamu hiyo ilizusha ubishi mkubwa, hata Rais Jakaya Kikwete akaikemea hadharani mwaka wa 2006.

Darwin hakulifikia ziwa hili kamwe. Safari yake kuzunguka dunia ilikwisha mwaka wa 1836. Speke aliliona ziwa kutoka pande za Mwanza mwaka wa 1858, na kitabu cha Darwin juu ya asili ya spishi kilitoka mwaka wa 1859. Ziwa likapewa jina la malkia, ghuba iliyo mashariki ya Mwanza ikapewa jina la Speke, na mwishowe hata samaki wakafanywa ndoto na jinamizi la Mwingereza ambaye hakupata kuwaona. Kosa hapa si ugeni wa jina. Kosa ni kwamba jina lamwonyesha msomaji mwenye kuwaza, na lamficha mwenye kujua. Kwamba furu wa mawe ni watu mbali na furu wa matope, wavuvi walilijua na kulipa neno, mbipi, kabla haijaandikwa jenasi yoyote. Kitabu chawapenda wavuvi na wasaidizi wao na kuwasimulia kwa uchangamfu, lakini huwatumia zaidi kama wahusika wa hadithi kuliko kama mashahidi wa elimu.

Mwalimu na pundamilia

Katika mwaka wa 1985 Els Witte-Maas na Frans Witte walimwandika furu mmoja kwa jina la Haplochromis nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwaka huo huo aliuacha urais. Heshima hiyo ilikuwa na mahali pake. Mwalimu alizaliwa Butiama, si mbali na ziwa, na wasomi wa Kiswahili wanamkumbuka pia kwa tafsiri zake za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969. Mwaka wa 1998 samaki huyo alihamishiwa jenasi mpya, akawa Pundamilia nyererei, na jirani yake akaitwa Pundamilia pundamilia.

Majina haya mawili yastahili kusifiwa kwa ustadi. Pundamilia ni neno ambatano lijielezalo lenyewe, punda mwenye milia, na furu hawa wana milia ya wima ubavuni. Dume la nyererei lina wekundu mgongoni. Dume la pundamilia ni la rangi ya buluu ya kijivu. Palipo na maji maangavu, kama kisiwa cha Makobe, wawili hawa ni mbali: yule wa buluu hukaa karibu na uso wa maji, mwekundu hukaa chini zaidi ambako nuru nyekundu ndiyo hupenya zaidi, na kila jike hufuata dume la rangi yake. Palipo na maji machafu, kama kisiwa cha Luanso ndani ya Ghuba ya Mwanza, rangi hazionekani sawasawa, na samaki hao wamekuwa mchanganyiko usiogawanyika. Seehausen, Jacques van Alphen na Witte walilieleza jambo la maji machafu mwaka wa 1997, na mwaka wa 2008 Seehausen na wenzake wakaonyesha kwamba jeni inayolisaidia jicho kuona nuru nyekundu nayo hutofautiana kati ya samaki wa juu na wa chini, mahali palipo na nuru ya kutosha.

Hapa ndipo umuhimu wa habari hii unapodhihirika. Spishi hizi hazikutenganishwa na mlima wala bahari. Zimetenganishwa na kutambuana. Kutambuana kukizuiliwa, utengano huisha, ingawa hakuna samaki hata mmoja aliyeuawa. Spishi yaweza kupotea hali wazao wake wanaogelea. Mwanaisimu anaijua hali hiyo vema: lugha hufa siku wasemaji wake wanapoacha kuisema, nao wenyewe wangali hai.

Aina, spishi na lahaja

Kiswahili chenyewe nacho kina deni. Neno linalotumiwa zaidi kutafsiri species ya Kilatini katika mazungumzo ni aina, na neno hilo limechoka kwa kazi nyingi. Sato ni aina ya samaki, furu ni aina ya samaki, furu mwekundu ni aina ya furu, na samaki wa kukaanga ni aina ya chakula. Msomaji akiambiwa kwamba aina 200 zimetoweka, hajui kama zilizopotea ni koo, spishi au rangi tu. Neno spishi limekwisha kukubaliwa na wataalamu wa istilahi, nalo lafaa litumiwe pasipo haya, kadhalika jenasi. Aina ibaki neno la jumla. Chini ya spishi yahitajiwa neno la mafungu ambayo hayajatengana kabisa, na nususpishi latosha, mradi msomaji aelezwe kwamba nusu hapa si kipimo bali ni daraja.

Mfano wa Ulaya waonyesha jinsi daraja hilo lilivyo gumu. Huko yuko mnyama mdogo mwenye miguu minne na mkia, jamaa ya chura, aingiaye majini kuzaa. Wataalamu humwita Triturus. Kusini ya Sahara hakuna mnyama wa jamii hiyo, wala Kiswahili hakina jina lake. Mwaka wa 1951 H. G. Callan na Helen Spurway waliwachunguza machotara waliozaliwa na mbari mbalimbali za Triturus cristatus, wakaona kwamba katika kugawanyika kwa seli za uzazi kromosomu za baba na za mama hazikupatana sawasawa. Mwaka wa 1960 Callan na L. Lloyd wakaonyesha kwamba nususpishi hizo zaweza kutambuliwa kwa alama za kromosomu zao zilizo wazi ndani ya yai, zile zinazofanana na brashi ya kusugulia chemni ya taa. Wote wana kromosomu 24. Hesabu ni moja, mpangilio ndio mbali. Siku hizi zilizokuwa nususpishi zimepandishwa daraja zikawa spishi.

Mfano wa lahaja husaidia sana hapa, lakini una mpaka wake. Kimvita, Kiamu, Kipemba na Kiunguja huelewana kama mbari zinavyoweza kuzaliana, na Kiunguja kilipofanywa msingi wa Kiswahili sanifu hakikuwa bora kwa umbo kuliko ndugu zake. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha 1993 juu ya Kiswahili na lugha za Kisabaki, wameonyesha uzao wa lugha hizi pamoja na kukopana kwao. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba viumbe hugawanyika kama matawi ya mti, na kwamba kukopana ni tabia ya lugha peke yake. Furu wamelivunja wazo hilo. Mwaka wa 1996 ilitangazwa kwamba ziwa lilikuwa limekauka mwishoni mwa zama za barafu, na sasa hukadiriwa kwamba lilijaa tena kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, muda mfupi mno kwa spishi nyingi hivyo. Mwaka wa 2017 Joana Meier na wenzake walionyesha kwamba furu wa ziwa na wa maziwa ya jirani wametokana na mchanganyiko wa kale wa mbari mbili, moja ya mito ya Kongo na nyingine ya Nile. Uchotara ule ndio uliowapa akiba ya tofauti za kuchagulia. Basi neno chotara, ambalo katika mazungumzo hubeba dharau, katika elimu hii lataja chanzo cha utajiri.

Kromosomu na jina lililokosewa

Samaki wengi wa Afrika wa ukoo wa sato na furu wana kromosomu 44. Kwa hiyo hesabu ya kromosomu, tofauti na rangi au meno, haimsaidii mtu kuwatenga. Lakini baadhi ya furu wana kromosomu za ziada, zisizokuwamo katika samaki wote wa spishi ile ile. Kwa muda mrefu kromosomu za namna hiyo zilidhaniwa ni vimelea tu au mzigo usio na kazi. Mwaka wa 2011 Kohta Yoshida na wenzake wa Japani walionyesha kwamba katika Lithochromis rubripinnis, wa jenasi ile iliyotangazwa 1998, kromosomu za ziada hufuatana na ujike, na kwamba zina nguvu katika kuamua jinsia ya watoto. Kilichohesabiwa kuwa hakina kazi kilikuwa na kazi. Kwa hiyo "kromosomu za ziada" ni istilahi njema kuliko yoyote yenye maana ya uchafu au mabaki, kwa kuwa ziada hutaja idadi wala haitoi hukumu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, wachunguzi wa Brazil walikuwa wameeleza kromosomu za ziada katika samaki waliyemwandika Haplochromis obliquidens, yule yule wa Hilgendorf wa mwaka 1888. Baadaye samaki huyo alitambuliwa kuwa Astatotilapia latifasciata, ambaye asili yake ni maji ya Uganda kama Ziwa Nawampasa. Katika biashara ya samaki wa mapambo, latifasciata, mwenye milia, huuzwa kwa jina la obliquidens wa pundamilia. Kromosomu zilihesabiwa vizuri na picha zake zilikuwa safi. Kilichokosewa ni jina la mwenye kromosomu. Kwa sababu hiyo sifa ya samaki wa ziwa moja iliandikwa katika daftari la samaki wa ziwa jingine, na ikahitajiwa kazi mpya kuirudisha kwake. Hapana ushahidi ulio bora kuliko huo kwamba utaratibu wa majina ni sehemu ya sayansi yenyewe. Darubini haisahihishi jina.

Yapasayo kufanywa

Kutokana na uhakiki huu mambo matatu yanafuata. Kwanza, katika maandishi ya Kiswahili, spishi, jenasi, nususpishi na kromosomu zitumiwe kwa maana moja kila mara, na aina iachiwe mazungumzo ya jumla. Pili, istilahi za zamani zenye hukumu, kama takataka, zisitafsiriwe kimya kimya. Ziwekwe katika alama za kunukuu na zielezwe zilitoka kwa nani na kwa faida ya nani. Tatu, majina ya wavuvi yakusanywe pamoja na maana yake na mahali pake, Mwanza, Ukerewe, Musoma na Bukoba, kabla ya wazee wayajuao hawajaondoka. Mkusanyo huo usifanywe kwa ajili ya kuwapa wataalamu majina ya Kilatini ya kupachika. Thamani yake ni kwamba kila jina la mvuvi ni taarifa: lasema samaki yule alionekana wapi na alitengwa na nani. Kwa spishi zilizotoweka kabla hazijaelezwa kitaalamu, taarifa hiyo yaweza kuwa ndiyo pekee iliyobaki.

Katika shule za sekondari za Tanzania elimu ya viumbe imekuwa ikifundishwa kwa Kiingereza, na hoja ya kuendelea hivyo mara nyingi imekuwa kwamba Kiswahili hakina maneno. Habari ya furu yaonyesha kwamba maneno yapo, na kwamba machache yasiyokuwapo yamekwisha kuundwa au yaweza kuundwa bila taabu. Kilicho kichache ni maandishi. Mtoto wa Nyegezi aonaye furu mwekundu na furu wa buluu katika ndoo ya mvuvi amekwisha kuuona mwanzo wa hoja ambayo wataalamu wa Leiden walivuka bahari kuifuata. Kazi ya waandishi wa Kiswahili ni kumpa sentensi zitakazomfikisha mwisho wake.